Kipande cha Mwisho cha Jibini

Akonkwa alikuwa amebakiwa na mtihani wa marudio wa hesabu, Jumatatu asubuhi. Akianguka, angerudia darasa la tatu la sekondari, na mwezi wa tisa angekaa benchi moja na mdogo wake Nabintu. Nabintu alishaanza kumchagulia nafasi.

"Utakaa upande wa dirisha, kaka," alimwambia Jumapili hiyo, mezani kwao mtaa wa Himbi. "Ukichoka na somo, unaangalia ziwa."

Akonkwa alijiona mtu mwenye akili nyingi. Kama yeye na hesabu hawakuelewana, basi kosa lilikuwa la hesabu.

"Mbili kwa kipeo hasi tatu ni ngapi?" Nabintu akauliza.

"Hasi nane. Kila mutu anajua."

"Wanaojua hivyo ndio wanaorudia."

Shangazi Pascasie, aliyekuja jana yake kutoka mji wa Kiwanja na fromaji, jibini la duara la ng'ombe wa Masisi, akacheka hadi chai ikamwagika. Jibini lenyewe lilikuwa limebaki kipande kimoja kwenye sahani, na hapo adabu ya nyumba ile ikaanza kazi. Kwao, kumaliza chakula mbele ya wenzako ni ulafi. Ukikitamani kipande cha mwisho, unakikata, unachukua nusu, nusu unawaachia wengine.

Mama akakata nusu. Shangazi akakata nusu ya kilichobaki. Akonkwa naye, kwa heshima zote, akakata nusu ya kilichobaki. Kilichobaki kilitoshana na ukucha.

"Mmekata mara ngapi?" Nabintu akauliza.

"Tatu."

"Kila mara kwa mbili. Sasa iko ngapi ya kile kipande?"

"Moja ya nane," Akonkwa akajibu huku akitafuna.

"Si hasi nane? Nilifikiri ng'ombe wa Masisi wanatudai fromaji munane."

Akonkwa akaacha kutafuna. Akaikazia macho sahani kana kwamba imemtukana. Ile alama ndogo ya kutoa, iliyomtesa mwaka mzima, ilikuwa kisu tu: ilimtaka agawe pale alipozoea kuzidisha.

"Na kipeo sifuri," akasema polepole, "ni kabla ya kisu kufika. Kipande kizima. Moja."

"Ameamka," shangazi akasema. "Mumuongezee chai."

Kesho yake, kwenye mtihani, mwalimu Habarurema alimwita ubaoni: tatu kwa kipeo hasi mbili. Akonkwa akafumba macho. Kichwani akakata jibini vipande vitatu, akachukua kimoja, akakikata tena vipande vitatu. Akaandika moja ya tisa, kisha akayamaliza maswali mengine bila kufuta.

"Umepita," mwalimu akasema. "Nani alikufundisha?"

"Nimejifundisha mwenyewe, mwalimu."

Alirudi nyumbani kifua mbele, akarudia maneno hayohayo mezani. Nabintu alimsikiliza kwa makini. Katikati ya sahani kulikuwa na chembe ya jibini isiyozidi punje ya mchele, kwa kuwa tangu jana kila mmoja alikata nusu na hakuna aliyethubutu kuimaliza.

"Kwa hesabu," Akonkwa akawaelezea, akiionyesha kwa kidole, "hii haiishi kamwe. Mutaikata, mutaikata, sifuri hamuioni."

Nabintu akaiokota, akaimeza.

"Nabintu, adabu iko wapi?" mama akauliza.

"Ni mshahara, mama. Nimefundisha mutu."

Akonkwa akaitazama sahani tupu, akamsogezea mdogo wake kikombe cha chai.