Uzito wa Boti ya Harith

Boti ya Harith ilikaa miezi minane nyuma ya nyumba ya dada yake Nusra, pale Mokowe, juu ya trela yake, imefunikwa turubai la buluu. Ilikuwa boti ya faiba, ya futi kumi na nane, na Harith aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Asubuhi moja aliondoka nayo Kizingitini peke yake kwenda kupiga mbizi kutafuta kambakoche. Alasiri ikaonekana inaelea upande wa Kiwayu, ndani kukavu, mashine ya nyuma imenyanyuliwa, chakula chake kimefungwa vilevile kwenye kitambaa. Harith mwenyewe hakuonekana tena, si mzima wala maiti.

Mama yao, Bi Mwanamkisi, alikataa katakata mwanawe aswaliwe. "Hakuna aliyemuona amekufa," alisema, na maneno yakaishia hapo. Hata boti hakutaka kuiona. Wavuvi wakaivuta mpaka Mokowe, kwa sababu Amjad, mume wa Nusra, alikuwa na uwanja mpana.

Ikafika siku Amjad akapata mnunuzi, Bwana Abdulqadir wa Kipini, aliyetaka boti ifikishwe kwake kwa barabara. Gari walikuwa nalo: Prado ya viti saba, waliyoinunua kwa ajili ya watoto wao wanne na kwa kila jamaa aliyeshuka gatini akitaka kufikishwa mahali. Kilichokosekana ni ndoano ya kuvutia trela. Amjad aliagiza moja kutoka Mombasa, akaipeleka pamoja na gari na boti kwenye gereji ya Kirimi, fundi wa Kimeru aliyeweka karakana yake kando ya barabara ya Hindi. Nusra alikwenda naye. Hakutaka boti ile iguswe na mgeni yeye hayupo.

Kirimi aliipokea ndoano, akaigeuza mara mbili mikononi.

"Hii ni ya kilo elfu moja mia mbili," alisema. "Boti na trela ni kilo ngapi?"

"Elfu moja na mia moja," Amjad alijibu. "Karatasi hizi hapa. Boti, mashine, trela, vyote vimeandikwa."

"Karatasi haitavutwa barabarani, Bwana Amjad. Twende tukapime."

Wakaivuta boti kwa pikapu ya Kirimi mpaka yadi moja ya mawe iliyokuwa na mizani ya malori. Mizani ikasema kilo elfu moja mia moja na themanini.

"Maji," alisema Kirimi. "Boti za faiba zina sponji ndani ya sakafu. Ikinywa maji, inakuwa nzito na huoni kitu."

Waliporudi gereji, alitoboa sakafu ya boti sehemu tatu kwa mashine ya kutobolea, akaingiza waya mrefu, akautoa. Ulitoka mkavu, una vumbi. Alichungulia chini ya viti, akafungua tangi la mafuta, likawa tupu. Akasimama akajikuna shingo.

"Mzigo wenyewe siuoni," alisema. "Haya, tupime kichwa cha trela."

Aliwaeleza kwa sababu Nusra aliuliza. Trela haitazamwi uzito wote tu. Kuna uzito unaolala juu ya ndoano, na huo ndio unaoamua kama safari itakuwa salama. Ukiwa mdogo mno, trela huyumba nyuma ya gari kama mkia na inaweza kulipindua. Ukiwa mkubwa mno, gari huketi nyuma, taa zikaangaza juu na usukani ukawa mwepesi. Kwa mzigo kama huu alitaka kilo mia na kumi hivi.

Nusra alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaani, na mizani ya kupimia wagonjwa ilikuwa ndani ya gari, imetoka kutengenezwa. Kirimi akaiweka chini, akaweka kipande cha mbao juu yake, akakiteremsha kichwa cha trela polepole.

"Sitini," alisoma. "Ndogo sana. Uzito umekaa nyuma kule, kwenye mashine."

Alikwenda kuchukua spana ili aisogeze mashine mbele. Hakukaa dakika mbili. Amjad alikuwa barabarani anapokea simu, na Nusra alikuwa peke yake mbele ya boti, mikono kifuani. Alisikia faiba ikilia, mlio mdogo tu, kama sakafu inavyolia mtu akihamisha mguu. Kisha mlio mwingine, karibu zaidi. Kisha mwingine, juu ya kichwa chake hasa. Ile mbao ikaguna juu ya mizani.

Aliinama, akasoma. Mia moja na sabini.

Kirimi alirudi na spana yake, akaona namba, akamtazama Nusra.

"Umepanda, Bi Nusra?"

"Sikupanda."

Aliinua kichwa cha trela, akakishusha tena. Mia moja na sabini. Akaizunguka boti yote akiigonga kwa vidole. Kirimi alipofika nyuma, Nusra alisikia tena ule mlio, mara hii ukirudi nyuma ya boti, na namba ikashuka mbele ya macho yake: mia na hamsini, mia na thelathini, mia na kumi, themanini, sitini. Hapakuwa na upepo. Turubai lilikuwa limekunjwa chini ya mti wa mkorosho.

Kirimi alirudi mbele, akaiona namba ya mwisho. Aliiweka spana juu ya ndoo bila kupiga kelele.

"Mimi nimefunga ndoano miaka kumi na minne," alisema kwa sauti ya chini. "Mzigo unaotembea ni ng'ombe tu."

Nusra aliitazama mizani. Alikuwa anakumbuka siku Harith alipokuja zahanati kupimwa afya, kwa kuwa meli moja ilikuwa inaajiri. Alimpandisha juu ya mizani hiihii, naye akawa anarukaruka ili sindano icheze, mpaka Nusra akamkemea asimame. Kilo sabini na nane.

Amjad alirudi, akaelezwa habari ya uzito tu, si zaidi. Alikunja uso. Ndoano yake ilikuwa imeshafika, na kilo elfu moja mia moja na themanini hazijapita elfu na mia mbili.

"Zimebaki ishirini," alisema. "Inatosha."

"Inatosha kama mzigo umetulia," alisema Kirimi. "Ninayo nyingine, ya kilo elfu mbili na nusu. Hii yako inashikwa chini ya bampa kwa bolti nne. Ile inashika fremu ya gari pande zote mbili. Nitatia minyororo miwili ya akiba, na breki za trela. Ikiyumba, haing'oki."

"Ni kubwa kwa boti ndogo kama hii."

"Weka ile kubwa," alisema Nusra.

Amjad alimgeukia. "Kwa nini?"

"Nimesema iwekwe, Amjad."

Walikuwa wameoana miaka kumi na saba, na alijua sauti ile. Ndoano kubwa ikafungwa, nyaya za taa zikaunganishwa, minyororo ikapishana chini ya kichwa cha trela. Boti ilipounganishwa na gari, Prado iliinama nyuma kidogo, kisha ikainuka, kisha ikainama tena.

Kesho yake saa tatu asubuhi waliwaacha watoto kwa jirani, wakashika barabara ya Witu. Lami ilikuwa nzuri na jua kali. Amjad aliendesha taratibu, na kila baada ya muda alitazama kioo cha katikati.

"Inavuta vizuri," alisema walipopita Hindi. Baadaye kidogo akasema, "Inavuta kushoto." Baada ya hapo Nusra aliona vidole vyake vimekaza usukani. Gari lilikuwa linaegemea upande mmoja, halafu upande wa pili, bila kona wala shimo. Nusra alisoma Yasini kwa moyo. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alihisi kwamba akigeuka ataona, na akishaona hataweza kuiuza boti.

Kabla ya Witu palikuwa na kizuizi cha polisi. Afande mmoja wa kike, jina lake Kemunto limeandikwa kifuani, alikuja dirishani, akatazama leseni, akatazama viti vya nyuma vilivyo vitupu.

"Safari njema," alisema. "Lakini huyo kijana ashuke. Hairuhusiwi kubeba mtu juu ya trela. Aingie ndani, nafasi mnayo."

Amjad alicheka kidogo. "Kijana gani, afande?"

"Huyo aliyekaa mbele ya boti. Anawapa mgongo."

Nusra aliuliza kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Amevaa nini?"

"Bukta nyeusi. Kifua wazi." Kemunto alishaanza kukasirika. "Madam, mnanichezea?"

Akaondoka dirishani, akatembea kuelekea trela. Ndipo Prado ilipoinuka nyuma. Waliihisi wote wawili, kama gari linavyoinuka mtu mzima akiruka kutoka kwenye buti. Majani makavu yakalia kando ya barabara, hatua nne au tano, kisha kimya.

"Amekimbia!" alisema Kemunto. "Ameingia msituni!"

Katika barabara ile yenye mashambulizi ya mara kwa mara, mtu kukimbia polisi na kuingia msituni si jambo la mzaha. Maafande watano walitawanyika na bunduki, Amjad na Nusra wakakalishwa chini ya kivuli cha hema wakiulizwa maswali. Ni nani? Mmemtoa wapi? Anakwenda kwa nani? Amjad aliapa kwamba hawakubeba mtu. Nusra alinyamaza, kwa sababu hakuweza kuapa.

Baada ya saa mbili maafande walirudi na miiba kwenye suruali. Hawakuona mtu. Hawakuona hata unyayo, na mchanga wa pale ulikuwa laini kama unga. Wenzake walianza kumtazama Kemunto kwa namna fulani.

"Mimi nimemwona," alisema. "Siwezi kuona kitu ambacho hakipo."

Walipoachiliwa, Nusra alimwomba Amjad atoe mizani kwenye buti. Alidhani atabishana, lakini Amjad alifungua trela kimya kimya, akaweka mbao, akateremsha kichwa. Kilo mia na kumi. Walisubiri. Namba haikucheza. Amjad alikaa chini barabarani, mgongo kwenye gurudumu, akafuta uso kwa mikono miwili.

"Tangu Hindi nilikuwa namuona kwenye kioo," alisema. "Nilinyamaza, nikadhani ni mimi tu."

Kemunto alikuwa amesimama karibu, amewasikia. Nusra akamweleza yote, boti, Kiwayu, miezi minane. Afande hakusema huyo ni jini wala hakusema ni uongo. Alitoa simu, akaandika namba ya Nusra.

Boti ilifika Kipini imetulia nyuma ya gari kama ilivyopasa. Bwana Abdulqadir aliipokea, akaisifu, na safari ya kurudi haikuwa na neno.

Siku ya tatu Kemunto alipiga simu. Dereva wa lori la mchanga alimpita kijana wa bukta nyeusi anatembea kando ya barabara, upande wa kuja Hindi. Alitaka kumpakia, aliposimama hakumuona. Siku ya tano akaonekana tena, mbele zaidi.

"Anakuja huko kwenu," alisema Kemunto. "Polepole."

Nusra hakungoja. Alipanda boti ya abiria mpaka Mtangawanda, kule kisiwani, akachukua gari mpaka Kizingitini, akamkuta mama yake uani anachambua mchele. Alimwambia kila kitu, tangu mizani mpaka simu ya mwisho. Bi Mwanamkisi alisikiliza bila kuinua macho, vidole vikiendelea kutoa vijiwe.

"Kwa hiyo yuko ndiani," alisema hatimaye.

"Yuko ndiani, Mama, anatembea barabarani."

"Katika nti kavu."

"Ndiyo. Bara, si baharini."

Mama alitoa kijiwe kingine. "Muulize huyo askari. Alikuwa na viatu?"

Nusra alipiga simu hapo hapo. Kemunto alifikiri kidogo, kisha akasema hapana, alikuwa miguu mitupu. Aliziona nyayo zake nyeupe alipokuwa ameketi, zimekunjamana kama za mtu aliyekaa majini sana.

Nusra alimkabidhi mama yake maneno hayo kama yalivyo. Bi Mwanamkisi aliliweka sinia chini, akafunika uso kwa upindo wa leso, na kwa mara ya kwanza tangu boti ile iokotwe, akalia kwa sauti.

"Mwambie imamu," alisema. "Ijumaa wamswalie. Asitembee tena."

Ijumaa, baada ya swala, wanaume wa Kizingitini walisimama safu nne, wakamswalia maiti asiyekuwepo. Harith hakuonekana tena barabarani, si Hindi wala kwingine. Bi Mwanamkisi alinunua ndara mpya za ngozi, za mguu wa mtu mzima, akamtuma Nusra azitoe sadaka kwa mwanamume yeyote atakayemkuta anatembea peku.

Alimpata mmoja karibu na soko la samaki, mchukuzi asiyemjua. Yule mchukuzi alizivaa pale pale, zikamtosha, akamshukuru, akaenda zake. Nusra alimtazama mpaka alipokata kona.