Kengele Tatu, Wodi ya Wenyeji

Jumatatu, saa kumi kasoro robo alasiri, dresa Raymundi, mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa akikunja bendeji zilizofuliwa kwenye baraza ya wodi ya wenyeji. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1949, na jua la Tabora lilikuwa limekausha bendeji za kwanza kabla za mwisho hazijaanikwa. Juu ya kichwa chake, kwenye boriti, kilining'inia kipande cha chuma cha reli kilichotumika kama kengele. Ukutani ilibandikwa karatasi ya maagizo.

Karatasi ilisema kwamba chuma kikigongwa mara moja ni moto, na kila mtu abebe ndoo ya mchanga. Mara mbili ni mgonjwa mwenye fujo, waje wanaume wenye nguvu na kamba. Mara tatu ni mtu anayekata roho. Hapo maagizo yaligawanyika. Kwa wodi ya Wazungu, daktari, sista na madresa wawili wakimbie. Kwa wodi ya Wahindi na Waarabu, daktari aarifiwe. Kwa wodi ya wenyeji, dresa aliye karibu atembee haraka bila kukimbia, asije akawatia hofu wagonjwa wengine.

Chini kabisa paliongezwa mstari kwa wino: baada ya kugonga tatu, dresa asimame mlangoni awaambie wapagazi kwamba leo hakuna mzigo.

Wapagazi hao walikuwa wamekufa miaka sitini nyuma, wengine kwa ndui, wengine kwa kiu. Enzi zao, msafara ulipotaka kuondoka hapa kwenda Ujiji, ngoma ilipigwa mara tatu na kila mtu akajitwika mzigo wake. Mzungu aliyepanga hesabu ya kengele za hospitali hakumuuliza mtu yeyote mjini. Kwa hiyo tatu zilipogongwa kwa mara ya kwanza, walikuja saba, vumbi la njiani likiwa bado miguuni, wakiongozwa na kirangozi wao mwenye manyoya ya mbuni kichwani. Walimtwaa mzee mmoja mwenye homa, kitanda na yote, wakashika njia ya Ujiji. Siku ya nne mzee alipatikana karibu na Usinge, homa imemtoka, akilalamika njaa. Hospitali iliandika barua kuulizia kitanda.

Jumatatu hiyo, kwenye kitanda cha kumi na tisa alilala Josepha, aliyeletwa kwa treni kutoka Igalula tangu Jumamosi. Mtoto alikuwa amekingama tumboni na uchungu ulikuwa siku ya tatu. Mama yake, Apolinaria, alikaa chini pembeni ya kitanda akimpepea kwa upindo wa khanga. Alikuwa ameshawazika mabinti wawili kwa uzazi. Josepha ndiye aliyebaki.

Asubuhi Raymundi alimwandikia daktari kwamba mama huyu anahitaji kupasuliwa leo. Jibu lilirudi adhuhuri: wenyeji hupasuliwa Alhamisi. Hiyo Alhamisi yenyewe walipasuliwa kwenye meza ya kulia chakula iliyoazimwa jikoni, kwa kuwa meza yao ilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa njiani kwa mwaka wa pili.

"Mwanangu," Apolinaria alimwita Raymundi, "huyu atafika Alhamisi?"

"Hapana, mama."

"Basi mpasue wewe."

"Sina ruhusa ya kisu."

"Kisu unacho. Jana nimekuona unakatia limau."

"Hicho ni cha limau, mama."

Apolinaria alimtazama kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka. Josepha alifumba macho na hakuyafumbua alipoitwa. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Raymundi alitoka barazani, akagonga chuma mara tatu, akarudi kwa mwendo wa haraka bila kukimbia.

Wapagazi walifika mlangoni kabla yake. Sista Mzungu aliyekuwa akipita aliwaambia wafute miguu, nao wakaifuta.

"Mwadila," kirangozi alisalimu kwa Kinyamwezi. "Mzigo uko wapi?"

Raymundi alitakiwa aseme leo hakuna mzigo. Alikuwa amelisema neno hilo mara kumi na moja tangu mwaka uanze, na mara kumi na moja wapagazi walikuwa wamegeuka bila kinyongo wakaenda zao, na mara tisa kati ya hizo maiti ilitolewa wodini kabla ya magharibi. Safari hii akasogea kando.

Apolinaria ndiye aliyesimama. Baba yake alikuwa amebeba pembe za ndovu mpaka pwani mara nne, na yeye alikulia katikati ya maneno ya wapagazi. Alijua kwamba kambi hutajwa kabla ya kujitwika, na ikishatajwa haibadilishwi na mtemi wala mwenye mali. Alijua pia kwamba wapagazi wakifika kambini hawatui mpaka mwenye mahali aseme karibuni.

"Mwadila, baba. Mzigo ndio huu."

"Kambi ya leo wapi, mayu? Ujiji?"

"Si Ujiji. Pale penye bati jekundu. Chumba chenye taa kubwa."

Kirangozi alichungulia dirishani. Bati jekundu lilikuwa la jengo la Wazungu.

"Hatua mia mbili," alisema. "Mayu, unatutukana. Hawa wamefika Bagamoyo."

"Pembe mlizopeleka Bagamoyo hazikuwa na mimba. Bebeni."

Wapagazi walicheka. Wakakiinua kitanda mabegani, watatu huku, watatu kule. Mmoja alinung'unika kwamba mwenzake anaegemea mzigo badala ya kuubeba, kama alivyofanya siku zote alipokuwa hai. Mwenzake akamjibu kwamba angalau yeye alikufa amebeba, hakufa akilala kivulini. Kirangozi akawaambia wafunge midomo, wakashuka ngazi.

Chumbani, daktari alikuwa akimtoa bwana mpimaji ardhi funza wa kidole gumba cha mguu. Alinyanyua macho akaona kitanda kimesimama usawa wa uso wake.

"Raymundi, wenyeji hawalazwi kwenye meza hii."

"Ndiyo, bwana daktari."

"Wala sakafuni humu."

"Ndiyo, bwana daktari."

"Waambie wamrudishe."

Raymundi aliwaambia. Kirangozi alijibu kwa upole kwamba msafara haurudi nyuma na mzigo, na kwamba mzigo hautuliwi bila karibu. Karibu yenyewe wao hawaidai. Watangoja. Walishawahi kungoja siku kumi na saba kwenye mto uliofurika.

Bwana mpimaji ardhi alivaa soksi, akasema funza aliyebaki anaweza kungoja, akaondoka.

Daktari alitoa kitabu cha kanuni kabatini, akasoma ukurasa mmoja na nusu kwa makini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. "Kanuni inakataza meza na sakafu," alisema mwishowe. "Mabega haiyataji." Akaagiza sanduku la sabuni, akapanda juu yake, akanawa mikono akiwa huko huko juu.

Kazi ilichukua dakika hamsini. Raymundi alishika taa na kudondosha dawa ya usingizi. Wapagazi hawakutikisika. Sanduku la sabuni ndilo lililotikisika, mara mbili, na mara ya pili daktari alilazimika kumshika kirangozi bega ili asianguke. Kirangozi alimwambia pole. Saa kumi na moja na nusu mtoto alilia, akiwa juu ya vichwa vya watu wote.

Apolinaria alikuwa nje, maana hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Raymundi alimfungulia mlango.

"Wa kike, mama."

"Na wangu?"

"Anapumua vizuri."

Apolinaria alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye kokoto, akavua kilemba, akajifunika nacho uso.

Kwa kuwa msafara haurudi nyuma, wapagazi walitokea mlango wa pili, wakalizunguka jengo na kuingia wodini kwa upande wa jikoni. Apolinaria akawaambia karibuni, nao wakatua. Karani Yahaya alikuja na kitabu cha vizazi kuuliza mtoto alizaliwa mahali gani. Katika jengo la Wazungu haikuwezekana, na katika wodi ya wenyeji haikuwa kweli.

"Mabegani," alisema Raymundi.

"Bwana, mabega hayana kata wala tarafa," alisema Yahaya. Akaandika: safarini.

Josepha alirudi Igalula wiki ya tatu, kwa treni, mwanawe mgongoni kwa bibi.

Daktari aliandika maagizo mapya. Kwa wodi ya wenyeji, chuma kikigongwa mara tatu, dresa awaambie wapagazi kwamba kambi ni chumba cha upasuaji, iwapo hakuna Mzungu anayetibiwa humo, na ahakikishe mgonjwa hagusi kitu. Raymundi aliuliza kama isingekuwa rahisi mgonjwa alazwe tu mezani. Daktari alimjibu kwamba rahisi si hoja, na kwamba sasa hakuna haja tena ya kusumbua Dar es Salaam kwa barua za ile meza nyingine. Kilichokosekana ni mahali pazuri pa daktari kusimama.

Akaitwa Lukumani, seremala wa Kanyenye, atengeneze jukwaa la mninga lenye vidato vitatu. Wapagazi nao wakaitwa wapimwe. Walijipanga mstari barazani, na Lukumani akapita na kamba yake yenye mafundo, kutoka ardhini mpaka bega, mmoja baada ya mwingine.

"Msije mkaniharibia kazi," alimwambia kirangozi. "Mnakua bado?"

"Sisi hatukui tena."

"Vizuri," alisema Lukumani, akifunga fundo la mwisho. "Basi litadumu."