Chini ya Joho la Bikira

Mwanamume haruhusiwi kumwona Bikira akivuliwa nguo. Panyang, mjane wa seremala, aliikuta sheria hiyo katika kanisa la mji wao kando ya ziwa, akaishika kama alivyoishika rozari yake. Kila Mei, kabla ya maandamano, wanawake wa chama cha Bikira huizungushia sanamu ya Bikira Maria shuka jeupe, wakaipa mgongo, wakashika pindo na kusali kwa sauti. Ndani hubaki mtu mmoja tu, mwenye kumvisha.

Mtu huyo alikuwa Osang.

Alibatizwa Rosauro, lakini jina hilo lilibaki kwenye maji ya ubatizo. Osang alikuwa bakla, kama wanavyoitwa pale wale waliozaliwa wavulana wakakua kwa namna yao wenyewe. Alikuwa na saluni karibu na soko, nywele za kufika kiunoni na kucha nyekundu kama pilipili. Kazi ya kumvisha Bikira aliirithi kwa bibi yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaingia kama nani. Bikira alipendeza, basi.

Mwaka jana ikaja televisheni. Wakampiga picha Osang akiwa na pini mdomoni, akibishana na maua. Habari ilipotoka, walikuwa wamemwekea muziki wa sarakasi. Nchi nzima ikacheka. Donya Milagring, bibi mkubwa wa mji na mwenyekiti wa chama, hakucheka. Aliona aibu, na aibu yake ikageuka amri.

"Watu wa televisheni wanarudi," aliwaambia wanawake katika sakristia, chumba cha nyuma ya altare, Osang akiwa amesimama palepale. "Safari hii hatuchekwi. Osang anyoe, avae shati la kiume, aseme vizuri kwamba yeye ni mwanamume Mkatoliki anayetupangia maua. Ndani ya shuka, hapana. Ndani ni wanawake tu."

"Donya," Osang akasema taratibu, "mwaka jana nilikuwa kichekesho. Mwaka huu nifanywe kijana mwenye adabu. Na mwakani je, mtanivisha mbawa za malaika?"

"Tunakusaidia, Osang! Ukikaa kistaarabu, watu watakuvumilia."

"Kuvumiliwa ni kwa harufu ya samaki, Donya. Mimi ni mtu. Kama ndani siingii, na nje sipangi maua."

Akaokota kikapu chake cha pini akaondoka. Pamoja naye wakaondoka bakla wote wa mji: wapamba magari ya kubebea sanamu za watakatifu, wasuka nywele za mabinti wa maandamano, washona mashela. Hawakutukana wala hawakubeba mabango. Walikunja mikono tu, na mji ukawa kama bibi arusi aliyeamshwa hajanawa uso.

"Sasa nani atamvisha Bikira?" akauliza mmoja wa wanawake wa chama.

Donya Milagring akamtazama Panyang. "Wewe. Mjane, mcha Mungu, mdomo umefungwa."

Panyang hakukataa. Siku ya maandamano, shuka likafungwa nyuma yake. Maisha yake yote alikuwa amempa Bikira mgongo. Sasa atauona mwili uliombeba Mungu. Akafanya ishara ya msalaba, akafungua vifungo vya joho la buluu. Akatoa sketi ya kwanza, na ya pili. Akafumba macho akaitoa ya mwisho. Akafumbua.

Hapakuwa na mwili.

Palikuwa na mbao nyembamba zilizosimama kama tenga la kuku, zimeungwa juu na chini. Uso ulikuwa wa pembe ya ndovu, na mikono vilevile, basi. Kati ya uso na gari lililombeba hapakuwa na mwanamke wala mwanamume. Palikuwa na hewa, na mwanga wa dirishani ukipita katikati ya mbavu za mbao. Alipougusa mkono, ukachomoka kwenye kigingi chake ukalala kiganjani mwake, mwepesi, wa ubaridi, kama ndege aliyekubali kushikwa.

Panyang akapiga magoti. Alidhani ataona kwamba amedanganywa, lakini hofu iliyomshika haikuwa ya udanganyifu. Ilikuwa ile ya mtu aliyefungua mlango wa jikoni akakuta bahari. Kiuno kile alichokisujudia, mabega yale, kifua kile cha mama, vyote vilitoka wapi?

"Panyang!" Donya aliita nje ya shuka. "Kuna nini humo?"

"Geuka uone."

"Nigeuke? Una wazimu? Ni mwiko!"

Panyang akaurudisha mkono wa Bikira mahali pake, akamfunika kwa kanga yake ya begani, akatoka. Akavuka soko na ndala zake hadi saluni.

Osang alikuwa amekaa, hana mteja.

"Ulijua," Panyang akasema.

"Tangu nikiwa mdogo, Mama. Bibi alinionyesha akaniambia, 'Huyu hana mwili ila ule tunaompa. Mpe mzuri.'"

"Mbona hukuwaambia, walipokufukuza?"

"Ningesema Bikira ni mbao, wangesema bakla kamtukana Mama wa Mungu. Tena si mbao, Mama. Umemwona."

"Nimemwona," Panyang akasema. "Mwanangu, twende."

"Na shati la kiume?"

"Njoo hivyo ulivyo. Na wenzako waite."

Walipofika kanisani, kengele ya kwanza ilikuwa imelia. Donya Milagring akatanua mikono mlangoni. "Ndani ni wanawake tu!"

"Sawa, Donya," Panyang akajibu. "Basi ingia wewe umvishe. Kanga yangu ndiyo inayomsitiri sasa hivi."

Donya akalitazama shuka. Akapiga hatua, akasita. Kengele ya pili ikalia. Mikono ikamshuka. Akasogea kando, akashika pindo lake, akageuza mgongo, akaanza Salamu Maria kwa sauti.

Panyang aliingia na Osang, na safari hii hakugeuka. Akaona vidole vyenye kucha nyekundu vikikunja pamba, vikifunga, vikichoma pini bila kuangalia. Kiuno kikazaliwa. Kifua kikazaliwa. Bega la kushoto likainama kidogo, kama la mama aliyezoea kubeba mtoto. Osang alikuwa akilia bila sauti, na Bikira akawa anakuja, tabaka kwa tabaka, kutoka kwenye hewa.

Kamera ikajipenyeza juu ya shuka. "Mama, samahani," kijana wa televisheni akanong'ona, "huyo ndani ni mwanamume au mwanamke?"

"Yupi?" Panyang akamuuliza, akimkabidhi Osang taji. "Hebu geuza mgongo, kijana. Anavaa."