Stoo za Karavani ya Tonton Amissi

Natangaza rasmi, mbele ya kizazi hiki na vyote vijavyo, kwamba mimi, Donatien Mwamba, mwanafunzi wa shule ya bweni, nilikuwa mhandisi mkuu wa ukarabati wa karavani moja kubwa hapa mtaani Forest. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Fundi alikuwa Papa, baba yangu. Kwa miaka ishirini na minne alifunga mipira ya kuziba upepo milangoni kwenye kiwanda cha magari, mpaka kiwanda kikafungwa. Ndipo Tonton Amissi, yaani Mjomba Amissi, Mrundi wa mtaa wa Schaerbeek, akamkabidhi karavani yake, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na pikapu, azirekebishe stoo zake za chini zisipitishe baridi. Zikivuka Januari zikiwa kavu, angempa karavani nyingine mbili. Papa alikata vibao vya povu gumu la kuzuia baridi, akavibandika ukutani, akaziba kila ufa kwa utepe wa alumini. Alikuwa akipiga mluzi. Sikuwa nimeusikia mluzi wake tangu kiwanda kifungwe.

Mimi, kwa ajili ya maendeleo ya sayansi, nilibandua utepe wa kibao kimoja, nikachimba tundu nyuma yake hadi kwenye bati, nikaficha humo saa ya kengele iliyofungwa ndani ya soksi. Nilitaka Tonton, akisikia tiki-tiki yake, amsake panya asiyekuwepo. Betri ilikufa kabla panya hajazaliwa.

Baridi haikufa. Ilipita kwenye tundu, bati likatoa jasho, maji yakatiririka nyuma ya povu, na mablanketi ya Tonton yakaota ukungu. Hakufoka. Alisema tu kwamba kwa zile karavani mbili amepata mtu mwingine.

Jumamosi tulikwenda kubomoa. Papa alinieleza, bila hasira, kwamba kosa ni lake. Zamani kidole chake kingegundua hata upenyo wa unywele.

"Mikono yangu ilishakufa, Donatien. Alors, basi, tutoe yote."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo wiki nzima. Niliendelea kukusanya takataka kwa heshima kubwa.

Kibao cha tano kilipobanduka, soksi ilianguka, imelowa. Papa aliikamua, akaigeuza. Bweni linadai kila nguo iwe na namba, na zangu alizishona yeye mwenyewe.

"Quarante-sept," akasoma: arobaini na saba, namba yangu. "Huyu ni nani?"

Nilitafuta mzaha. Sikuupata.

"Ni mimi, Papa. Nilitoboa mimi. Mikono yako haikukosea kitu. Nilijua, nikakuacha uilaumu."