Sala Mbele ya Boila

Mama Pasi alifundishwa kusali na shangazi yake, na shangazi huyo hakuwa mtu wa kubembeleza. Sala ya asubuhi aliifundisha kama alivyofundisha kusugua sufuria: kila siku, uwe na nguvu usiwe nazo, na usimletee visingizio. "Usianze kwa kuomba," alikuwa akimwambia. "Mungu si muuza duka. Anza kwa kumwambia jambo moja la kweli ambalo hutaki hata jirani alisikie. Ukishalitoa hilo, ndipo uombe mengine."

Basi mtoto akakua, akaolewa, akazaa, shangazi akazikwa, na sala ikabaki vilevile. Alfajiri Mama Pasi hukunja taulo kuukuu, akalitandika kando ya jiko, akapiga magoti huku maji ya chai yakitafuta moto. Husema kwa sauti, ya chini lakini sauti, maana shangazi alishikilia kwamba sala ya moyoni ni rahisi kuichakachua. Mambo yenyewe hayakuwa makubwa. Bwana, namwonea wivu wifi yangu. Bwana, jana nilimchapa mtoto kwa hasira zangu mwenyewe. Bwana, namwogopa msimamizi. Hilo la mwisho alilirudia kuliko yote, kisha akawaombea watoto ulinzi, akanywa chai, akaenda kazini.

Kazini kwenyewe ni kiwanda cha kufulia, kile kinachochukua mashuka ya hoteli na hospitali. Yeye alikuwa kwenye pasi za mvuke, ndiyo maana ya jina lake. Mumewe aliendesha gari la kupeleka mizigo ya kiwanda hichohicho, kwa hiyo nyumba nzima, kuanzia chumvi mpaka madaftari ya watoto, ilitoka kwenye mashuka ya watu wengine. Msimamizi waliyekuwa wakimwogopa walimpachika jina la Askofu. Hakuwa hata mzee wa kanisa, lakini alikuwa na sauti nzito na mkono mwepesi wa kubariki. Kila asubuhi aliwakusanya wafanyakazi mbele ya boila, lile tangi kubwa la kuchemshia mvuke wa pasi, akaomba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ukichelewa sala yake, alikuandika mtoro.

Boila ile ilikuwa na vali ya usalama juu yake, kidude kama ngumi, kazi yake kuachia mvuke presha inapopanda kupita kiasi. Ikawa inaachia ovyo. Kazi imepamba moto, pasi zimekolea, mara pshiii, mvuke wote unaishia darini, pasi zinapoa, mashuka yanalundikana. Fundi akaitwa. Akasema vali ni nzima, boila ndiyo imechoka, izimwe na mabomba yabadilishwe. Aliyasema hayo mbele ya watu, akakusanya vyombo vyake akaenda zake. Lakini boila ikizimwa mashuka yanalala, na hoteli haziwezi kusubiri, zitahamia kwingine.

Askofu akaamua mambo yake. Akatafuta waya, akaleta ngazi, akapanda na kuifunga ile vali isifumbue mdomo tena. Sakafu ilikuwa na maji, ngazi inateleza, akamwambia Mama Pasi aishike. Mama Pasi akaishika. Angefanya nini? Ndivyo alivyojiuliza wakati huo, na jibu lilimjia haraka kwamba hana la kufanya.

Na hapa ndipo watu hawa walipofanya kosa ambalo wasiosali wasingelifanya. Mtu asiye na dini angeuona ule waya akaogopa, angalau angehamisha meza yake mbali na mabomba. Wao walikusanyika mbele ya boila, wakanyoosha mikono, Askofu akaufunika mtambo kwa damu ya Yesu, wote wakaitikia Amina. Baada ya Amina ile, kuulizia waya ilionekana ni kukosa imani. Aliyethubutu ni mmoja tu, binti wa kukunja mashuka, mdogo wao wote, waliyemwita Kicheko kwa sababu hakuweza kukaa dakika mbili bila kucheka. Alisema, "Sasa kama Mungu ndiye anatulinda, si waya utolewe basi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Pasi naye alicheka. Askofu akamwambia binti aangalie mdomo wake.

Haikuisha wiki. Bomba lililopita juu ya meza ya kukunjia lilipasuka asubuhi, watu wakiwa ndio kwanza wamevaa aproni. Mama Pasi alisikia mlio, kisha hakuona kitu kwa ajili ya mvuke, kisha akasikia sauti ya Kicheko, na sauti hiyo sitaieleza. Binti hakufa palepale. Alifia hospitali jioni, amefunikwa shuka ambalo huenda alilikunja mwenyewe.

Kabla polisi hawajafika, Askofu alikuwa ameshapanda ngazi na kuondoa waya. Safari hii hakuna aliyemshikia. Akawakusanya wote kwa sala, wanawake wanalia, na humohumo ndani ya sala, macho yamefumbwa, akamweleza Mungu kisa kizima: kwamba Bwana unajua binti huyu alikuwa na utani mwingi, kwamba Bwana uliona alivyochezea koki ya mvuke. Mungu akaelezwa mambo ambayo hakuyaona, maana hayakutokea. Na watu wakaitikia Amina. Ilimtoka hata Mama Pasi, kwa mazoea, kama mtu anavyojibu salamu.

Tangu siku hiyo hadithi ikawa moja, na kila mtu akaijua kama wimbo. Kicheko alichezea koki.

Mama yake Kicheko alikuwa mjane, na huyo binti ndiye alikuwa mtoto wake pekee. Akawa anakuja getini asubuhi, anasimama pembeni asizuie magari, anamuuliza kila anayeingia kama ni kweli. Wanamjibu ni kweli, mama, pole sana, ni utoto tu. Siku moja alimshika Mama Pasi mkono. "Mwanangu alikuwa mcheshi," alimwambia. "Hakuwa mjinga. Au nilikuwa simjui mwanangu?" Mama Pasi alisema pole, mama, akauchomoa mkono wake, akaingia ndani karibu kukimbia.

Sala yake ya jikoni ndiyo ikaharibika. Alipiga magoti, akafungua mdomo, likatoka lilelile: Bwana, nilishika ngazi. Hakupata uso wa kuomba lolote. Alijaribu kulikwepa, akarukia Sala ya Bwana moja kwa moja, akakwama katikati. Siku moja aliacha kabisa asisali, akashinda kutwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso. Akarudi kwenye taulo lake. Bwana, nilishika ngazi. Bwana, nilimcheka. Bwana, nimemwambia mama wa watu pole ya uongo. Chai ilikuwa ikimwagikia jikoni, naye bado amepiga magoti. Kumwambia Mungu ni rahisi, jamani, Mungu hamfukuzi mtu kazi. Lakini hata hilo rahisi alilifanya kila siku, na kila siku lilimtoka mdomoni kwa urahisi zaidi.

Wenzake walimhisi. Alikuwa haongei sana kuhusu koki. Wakamjia nyumbani siku ya mapumziko, wanawake wa pasi na wa mashine, wamebeba sukari, eti wamekuja kuombea umoja. Waliomba kwa zamu. Mmoja aliomba roho ya usaliti ishindwe, akalifinya neno usaliti kama anakamua nguo. Wakati wa kuondoka, rafiki yake wa siku nyingi alimkumbatia na kumnong'oneza kwamba ana watoto wanne na Mama Pasi anawajua wote kwa majina.

Mumewe hakuzungukazunguka. Alimwambia ukaguzi unakuja, mkaguzi wa serikali atawahoji, na yeye asijitie kimbelembele. Mama Pasi akasema hajasema kitu. Mumewe akasema ndiyo aendelee hivyohivyo. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu aliyewahi kukaa bila kazi, na aliyajua makali yake. "Kicheko amekwenda," alisema. "Utamrudisha? Na sisi tutakula nini, huo ukweli wako?" Mama Pasi alikubaliana naye kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

Siku ya ukaguzi walikutanishwa ukumbini kwenye pasi. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, viatu vya raba, uso usiocheka wala kununa. Alikwishawahoji wachache, wote wameimba wimbo uleule. Mama yake Kicheko aliruhusiwa kuingia, wakamwekea kiti kando ya meza ya kukunjia. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba meza ni ileile. Mzazi alikuwa anaipapasa kwa kiganja, polepole, kama anatafuta joto.

Askofu akasimama. Akasema kabla ya yote tumtangulize Mungu. Macho yake yakawapita watu, yakatua kwa Mama Pasi. Mzee huyu hakuwa mpumbavu, alikwishamwona kwamba ndiye pekee asiye imara. Alikuwa ameifunga vali kwa waya, sasa alitaka kumfunga mwanamke kwa sala. Nani atamwomba Mungu mbele ya watu, kisha ageuke na kuwaharibia watu hao?

"Mama Pasi," alisema, "wewe ni mtu wa sala. Tuombee, halafu uanze wewe kumweleza mkaguzi."

Mama Pasi akafumba macho. Nia yake, na hili aliapa baadaye, ilikuwa kusema yale yanayosemwa na watu wote: tunakushukuru kwa siku hii, ongoza kikao hiki. Alifungua mdomo ayaseme hayo. Lakini mdomo huo ulikuwa na mazoea yake ya miaka, na macho yakifumbwa mbele za Mungu ulijua jambo moja tu la kuanzia.

"Bwana, mimi ndiye niliyeshika ngazi msimamizi alipofunga vali kwa waya."

Hilo la kwanza lilitoka kwa mazoea. Angeweza kuishia hapo, akakohoa, akageuza maneno, akadai amechanganyikiwa na msiba. Alimsikia Askofu akisogea. Alisikia rafiki yake akivuta pumzi. Hofu ilikuwa ileile ya kila alfajiri, haikupungua hata kidogo. Ila alikuwa ameizoea. Alikuwa amepiga magoti nayo siku nyingi mno. La pili alilisema akijua kabisa anachokifanya.

"Tulijua si sawa. Fundi alisema mbele yetu. Yule binti aliuliza kwa nini waya usitolewe, tukamcheka, na mimi nikacheka. Hakugusa koki yoyote, Bwana. Alikuwa anakunja mashuka." Akafika pale ambapo kwa kawaida huanza kuomba. "Mpokee. Na mama yake asidanganywe tena."

Hakuna aliyeitikia Amina. Watu wazima chini ya paa moja, waliozoea kuitikia kila kitu, hakuna hata mmoja.

Mkaguzi alisema, bila ukali, "Naomba urudie, mama. Ukiwa umefumbua macho."

Hilo lilikuwa gumu kuliko sala. Alirudia yote, akitazama meza, kwa sababu hakuweza kutazama mtu.

Askofu alichukuliwa siku hiyohiyo. Kiwanda kikatiwa kufuli na karatasi ya serikali mlangoni. Wale wenzake walitoka mmoja mmoja wakimpa kisogo, na yule rafiki yake alisimama mbele yake kidogo, akataja majina ya watoto wake wanne, taratibu, akaondoka. Mumewe alirudisha funguo za gari kwa tajiri mwenye kiwanda, akaja nyumbani kwa miguu. Hakupiga kelele wala kuvunja chombo. Alihamia tu upande wa pili wa pazia lililogawa chumba, akalala na watoto.

Mama Pasi alikuwa na tumaini moja, tumjue hivyo, kwamba angalau mama yake Kicheko angemkumbatia. Alimngoja getini. Mama yule alitoka akijikongoja, akasimama.

"Nashukuru umesema," alisema. "Lakini ngazi uliishika. Usije kwangu."

Akaenda zake, na Mama Pasi hakumlaumu.

Kesi ikafunguliwa, na yeye akaitwa kuwa shahidi, yeye peke yake. Watu wakaanza kupita nyumbani tena, mara hii bila sukari, kumshauri aseme alikuwa na homa siku ile, aseme alichanganyikiwa, hakimu ataelewa. Mumewe ndiye aliyewakaribisha viti.

Alfajiri ya siku ya kesi, Mama Pasi alikunja taulo lake, akalitandika kando ya jiko, akapiga magoti. Nyumba ilikuwa ndogo. Alijua kwamba upande wa pili wa pazia mumewe yuko macho, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba miaka yote hiyo amekuwa akisikia kila neno. Alikuwa amesikia habari ya ngazi kila kukicha, akanyamaza.

"Bwana," alisema, "najuta kwamba nilisema. Ningeweza kuirudisha sala ile, ningeirudisha."

Lilikuwa la kweli, lilimuuma likitoka.

"Amina," mumewe akaitikia nyuma ya pazia. Ilikuwa Amina kavu, ya mtu ambaye hatimaye amekubaliana na mkewe.

Mama Pasi hakuinuka.

"Na leo wakiniuliza," aliendelea, "nitawaambia vilevile. Nipe tu sauti isikatike."

Akangoja Amina nyingine. Nyuma ya pazia kitanda kililia, mtu akajigeuza upande mwingine. Maji ya chai yalianza kuchemka. Amina ya hilo akaisema mwenyewe, akainuka, akawaamsha watoto.