Mlango Uliobaki Umesimama

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na mbili Novemba, pale mkadamu wa mtaa alipoinua simu apige picha, akachungulia, kisha akaishusha bila kupiga.

"Na huo mlango?" akauliza.

Bushaibu alijifuta vumbi usoni. Tangu alfajiri alikuwa akivunja kibanda chake kwa mikono yake mwenyewe, bati kwa bati, ubao kwa ubao, na sasa mtaa mzima wa Zitun ulikuwa unamwona mpaka ndani: kitanda, jiko la gesi, sanduku la marehemu mkewe, picha ya Maka iliyokosa ukuta. Kilichobaki kimesimama ni mlango tu, ndani ya fremu yake.

"Mlango una nini?"

"Umesimama."

"Kazi ya mlango ni kusimama, bwana mkadamu."

Watu wakacheka. Mkadamu hakucheka. Alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, mtu wa serikali ambaye kazi yake ni kujua nani kalala wapi na nani kafa lini. "Kibanda kinatakiwa kiwe chini chote, ami. Napiga picha, nawapa karatasi, mnakwenda kulipia kiwanja. Mlango ukiwa umesimama, kwa wakubwa zangu hicho bado kibanda."

"Nipe karatasi, niung'oe."

"Ung'oe, nikupe karatasi."

Hapo ndipo walipokwama.

Kiwanja chenyewe, ambacho serikali iliwauzia waliokubali kuvunja vibanda vyao, kilikuwa nje ya Kazablanka, na kiliuzwa kwa familia mbili mbili, hakuna ya peke yake. Kwa kuwa watu wa Zitun hawana hela ya kujenga, hutafutwa mwenye nazo. Anapandisha ghorofa, anachukua sakafu za chini, na wale wenye kiwanja wanapewa za juu, moja moja. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ya maisha ya Bushaibu ilikuwa bado hewani, juu ya vichwa vya watu wengine, na ngazi yake haijamwagwa zege. Lakini yeye alikwisha kuijua. Alijua dirisha la jikoni litatazama wapi. Alijua kitanda kitakaa upande gani. Na mlango alikuwa nao.

Kazi yake ilikuwa milango. Alipita na mkokoteni wa punda kwenye nyumba zinazobomolewa, akanunua milango na madirisha, akauza kwa wanaojenga. Huo wa mwerezi, wenye misumari ya shaba, ulitoka kwenye nyumba ya tajiri mmoja aliyefilisika, na marehemu Rkiya aliuona mkokotenini akakataa uuzwe. Akataka ufungwe hapo hapo kibandani. Majirani walikufa kwa kicheko: kuta za bati, mlango wa waziri. "Wacheke," Rkiya alisema. "Tukihama tunahama nao."

Watu wa sensa walipopita kuhesabu vibanda, walipaka namba ya rangi nyekundu juu ya mwerezi huo huo, bila hata kuomba radhi. Rkiya alilia. Baadaye ikajulikana kuwa asiye na namba hana kiwanja, naye akawa anaipangusa vumbi kila Ijumaa.

Tangu siku ulipofungwa, mlango ule ulikuwa umeng'olewa mara moja tu. Rkiya alibanwa na kifua, gari la wagonjwa likaishia barabarani kwa sababu kichochoro hakikulipitisha. Kichochoro ambacho waheshimiwa walikuwa wameahidi kukipanua kila walipokuja kuomba kura. Machela ya gari haikukata kona. Bushaibu akang'oa mlango kwenye bawaba, wakamlaza Rkiya juu yake, wakambeba. Mlango ulirudi peke yake. Akauchimbia fremu upya, chini zaidi kuliko mwanzo.

"Ami Bushaibu." Aliyeita sasa ni Jilali, muuza supu ya konokono, jirani wa mbele kwa mbele na mshirika wake wa kiwanja. Kibanda cha Jilali kilikuwa chini chote. Mkewe, Hniya, alikuwa amekaa juu ya magodoro pale palipokuwa kibanda chao, anawafunika watoto kwa turubai, anatazama mawingu. "Ami, kipigo kimoja cha nyundo na tunaondoka. Mimi nimevunja. Huoni nimevunja?"

"Nimeona ulivyovunja," Bushaibu alisema.

Alikuwa ameona kweli. Walikubaliana waanze pamoja baada ya sala ya alfajiri, na baada ya sala kila mmoja akatoka na nyundo, akasimama kwenye kizingiti chake, akamtazama mwenzake. Jilali akakohoa. Bushaibu akakohoa. Hatimaye Bushaibu akabandua bati moja, Jilali naye akabandua moja, dogo, la chooni. Ndivyo walivyokwenda asubuhi nzima, hakuna aliyemtangulia mwenzake hata kwa msumari.

"Mwanangu," Bushaibu alisema, "jana huyu bwana mkadamu kanywa supu kwako bakuli ngapi?"

"Sikumhesabia."

"Kalipa?"

Mkadamu akatazama simu yake kwa bidii kubwa.

"Nauliza tu," Bushaibu alisema. "Mimi ninavyomjua Jilali, yeye hata mamake humtoza hela ya bakuli."

"Sasa unataka kusema nini? Kwamba nimekula njama na serikali nilaze watoto nje?" Jilali alipandisha sauti. "Au wewe ndiye umepata mshirika mwingine? Sema. Mlango si sababu. Mtu mzima halilii ubao."

"Ubao huu una namba yangu."

"Namba iko kwenye kompyuta, ami," mkadamu alisema.

"Kompyuta nani ameiona? Mimi nimeuona mlango." Bushaibu akageuka kwa watu. "Bwana Lahseni aliyekaa pale kisimani aliambiwa vunja kwanza. Akavunja. Yuko wapi leo? Kapanga chumba kwa shemeji yake, karatasi anaiota."

Lahseni walimjua wote.

Bushaibu hakuwaambia jambo jingine, nalo ndilo lililomkaza zaidi. Alijua mlango unavyonunuliwa. Ukiwa bado umesimama, mwenye nyumba ana maneno: anakataa, anapandisha bei, anakufukuza. Bushaibu alikuwa hataji bei mapema. Alikaa kando, akanywa chai, akangoja ung'olewe na ulazwe chini vumbini. Hapo mwenyewe hupokea chochote, kisha huushikashika ule mlango kama anayemtuliza mnyama. Kwa mikono yake amenunua mingi namna hiyo. Na sasa alikuwa akimtazama mkadamu alivyotulia, alivyokaa kando, alivyokubali hata glasi ya chai ya Hniya.

Chai ilipokwisha mkadamu alisimama. "Nina vibanda vingine. Nitapita tena kabla ya magharibi. Nikikuta mlango umesimama, kiwanja chenu kinakwenda kwa wanaofuata. Mnafuatwa na wengi." Akaruka dimbwi, asichafue viatu.

Watu wakatawanyika. Jilali alibaki ameshika nyundo, anaipima uzito mkononi, halafu akaenda kwa mkewe. Walinong'ona. Hniya alisema neno refu, akaonyesha watoto, akaonyesha mbingu, akaonyesha mlango. Bushaibu hakusikia, ila aliona. Tone la kwanza likampiga kwenye kipara.

Akafanya jambo ambalo hata yeye hakulitegemea. Aliufunga mlango, akasukuma komeo, akaketi upande wa ndani juu ya sanduku la Rkiya, mgongo kwenye mwerezi. Kulia kwake hakuna kitu. Kushoto hakuna kitu. Mvua ilimwangukia yeye na kitanda chake bila kubagua. Kule mbele taa za barabarani zilianza kuwaka, zile ambazo hazikuwahi kufikishwa Zitun.

Nyayo zikaja nyuma yake kwenye tope. Zilikuja polepole, zikasimama. Mtu yeyote angeweza kuuzunguka mlango kwa hatua mbili. Huyu hakuuzunguka. Aligonga, mara tatu, kwa adabu, kama agongaye kwa watu wenye nyumba.

Bushaibu hakugeuka. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya komeo.

"Nani?" aliuliza. Na mvua ilipozidi kelele akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Na mkononi umeshika nini, nyundo au karatasi?"