Siku Delphin Alipopewa Solo Zote

Tamasha letu lilianza saa nane mchana, kwa sababu siku hizi Butembo, kwa hofu ya watu wa bunduki, mwanamuziki anayetaka kufika kwake salama hupiga mapema. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi juu ya mabati ya chumba cha Mama Mariette, nyuma ya mahali anapokaangia kahawa yake, na viti arobaini vya plastiki vilikuwa vimejaa watu wenye makoti mabichi. Kupiga jazi katika mji wa wafanyabiashara ni ukaidi. Mimi ni mkaidi, kwa hiyo nilikuwa na furaha.

Tulikuwa watano. Mwalimu Stanislas, mkubwa wetu, na tarumbeta aliyojifunza katika fanfare, bendi ya matarumbeta ya kanisa. Maliro na saksafoni, Gracien na besi, mimi Séphora kwenye kinanda, na nyuma yetu Delphin na ngoma zake. Delphin ni mtu wa Beni. Wazazi wake walikufa yeye angali mdogo, na dada yake Abigaïl, ambaye hakuwahi kuolewa, ndiye aliyemlea kwa shamba la kakao. Kila siku mchana Delphin alizungumza naye kwa simu, na sisi tulimcheka: mwanaume mzima, ana ndevu, anamweleza dada yake alichokula!

Saa saba na nusu, Delphin akikaza ngoma zake upande wa pili wa chumba, simu ya Stanislas iliita. Alikuwa Mzee Kataliko, baba mkubwa wa Delphin, kutoka Kipese. Stanislas aliweka sauti ya juu kidogo, mimi na Gracien na Maliro tukasogea.

"Mwalimu, Delphin ako wapi? Ako na batu?"

"Ako hapa na siye, papa."

"Abigaïl, balimuumiza ku shamba leo asubuhi. Ako ku hôpital, kule Beni. Lakini Delphin asitoke yeye peke yake, munasikia? Asipande pikipiki kwa ile barabara. Niko nakuya na batu wawili ba famille, tutamukuta hapo saa kumi."

Kisha mtandao ukakatika.

Hapa lazima nieleze kitu, kwa asiye wa kwetu. Kwetu mtu haambiwi kifo kwa simu. Wanauliza kwanza kama uko na watu. Wanasema mgonjwa yuko hospitali. Halafu mzee wa ukoo anasafiri mwenyewe, anakuja, anakukalisha kitini, ndipo anakuambia. Mama yangu alipofariki niliambiwa ana homa. Nilinunua machungwa, nikayabeba hadi Luofu, nikakuta matanga yamefika siku ya pili. Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeuliza chochote, wala aliyejaribu kumpigia mzee tena. Abigaïl amekufa. Tulijua.

"Hapana siye ba kumuambia," Stanislas alinong'ona. "Ile ni kazi ya famille. Tupige tu, tumuchunge mupaka saa kumi."

"Na telefone yake?" nikauliza.

Ni mimi niliyeuliza. Anayemtafuta mwenye wazo lile asihangaike.

Nilimwendea Delphin, nikamwambia Mama Mariette hataki simu ziite katikati ya muziki, kwa hiyo nazikusanya zote. Alinipa, anatabasamu, fimbo zake zikiwa kwapani. Niliizima, nikaitia katika mfuko wangu chini ya kinanda.

Tukapiga. Sasa, Stanislas ni mchoyo wa solo, zile dakika za mtu kung'ara peke yake, na haoni haya kusema hivyo. Tukishapiga wimbo wenyewe mara ya kwanza, yeye hujipa dakika nne, Maliro mbili, mimi moja na nusu, na mpiga ngoma huambulia makombo. Siku ile, wimbo wa kwanza tu, alishusha tarumbeta, akageuka, akamwinamia Delphin: chukua. Wimbo wa pili Maliro akafanya vilevile. Wa tatu nikafanya mimi. Hatukuwa tumepatana. Ndiyo namna pekee tuliyoipata ya kumpa pole mtu asiyejua kwamba amefiwa.

"Leo munanipenda sana," Delphin alituambia kati ya nyimbo mbili, anajifuta jasho. "Kuko nini?"

"Hakuna. Piga tu, ndugu," Gracien akajibu, macho kwenye nyuzi zake.

Naye alipiga. Sijawahi kumsikia hivyo, na nimepiga naye miaka sita. Aliweka fimbo chini akachukua fagio za waya, akapiga polepole kabisa, mpaka mvua ikasikika kuliko yeye, na watu wakaacha kunywa kahawa. Nililia juu ya kinanda. Mwanamke mmoja wa mbele aliniona, akadhani ni utamu wa muziki, naye akaanza kulia. Nilimchukia bure tu yule mama.

Kabla ya wimbo wa mwisho Delphin aliomba kusema neno, yeye asiyesemaga.

"Hii ni ya yaya wangu, dada yangu mukubwa, Abigaïl. Yeye hapendaki jazz, anasema ni makelele ya batu benye hawasikilizane."

Watu wakacheka. Sisi wanne hatukujua pa kutazama. Tulimpa wimbo wote.

Makofi yalikuwa bado yanalia Mzee Kataliko alipoingia na wanaume wawili, makoti yao yakichuruzika maji. Stanislas akaleta kiti upesi, akakiweka nyuma ya Delphin. Delphin alikitazama kile kiti, akamtazama baba yake mkubwa, na uso wake ukabadilika. Ni mtoto wa kwetu, anajua. Akakaa.

"Ni yaya?"

"Alikufa saa tisa na nusu," mzee akasema. "Siye tulikuwa ku barabara. Docteur ndiye alinipigia sasa hivi, nikiingia mu muji." Akamwinamia. "Delphin, mwana wangu, juu ya nini haukujibu? Alikupigia mara tatu. Alikuwa na akili yake yote. Alisema asikie tu sauti yako."

Saa tisa na nusu ndipo alipokuwa anapiga zile fagio. Nilihesabu papo hapo.

"Telefone yangu iko na Séphora," Delphin akasema polepole.

Mzee akamgeukia Stanislas. "Mwalimu, nilikuambia ako ku hôpital."

"Ulituambia, papa," Stanislas akajibu.

Delphin hakulia. Alinitazama mimi peke yangu.

"Mulikuwa munajua ako hôpital?"

"Tulizani alikwisha kufa," nikasema.

"Nani aliwaambia?"

Nilifungua kinywa nimtajie mtu. Hakuna mtu aliyekuwa ametuambia.